Kiti cha Kushoto

Shinyanga,
9 Machi 1980

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba kabla hujaendelea uvae miwani yako, maana ukikosa miwani utampa jirani akusomee, na haya nitakayoandika si ya jirani. Mimi sijambo. Darasani kwangu wamo watoto sabini na wawili, na wote ni wazima, kelele zao ndizo ushahidi. Mama hajambo? Ule ukwaju alioniagiza nimempa mtu wa treni ampelekee, vifurushi vitatu. Mnapikia nini ukwaju wote huo?

Baba, kuna kijana. Anaitwa Seif, kwao Tabora, ni fundi wa mitambo kule mgodini Mwadui. Anaswali, hanywi, na ananisikiliza nikizungumza mpaka nimalize, jambo ambalo kwetu nyumbani hatukulizoea. Anataka kunioa. Kabla ya kuwatuma wazee wake ameomba kitu kimoja: aje Nyegezi akusalimie wewe na Mama, mumwone sura. Nimemwambia nitakuomba ruhusa, na ndiyo naiomba.

Nikuambie na jambo jingine, maana najua utaliuliza: ana gari. Mhandisi mmoja wa Kizungu alipomaliza mkataba wake alimwachia. Ni Datsun ya spoti, milango miwili, viti viwili, pua ndefu, rangi ya embe bivu. Ukiingia unakaa chini karibu na barabara, miguu umeinyoosha kama uko mkekani. Kutoka Mwadui hadi hapa mjini basi linatumia saa nzima. Sisi tulitumia dakika ishirini na tano.

Nasubiri jibu lako. Msalimie Mama sana.

Mwanao,
Sihaba

* * *

Nyegezi, Mwanza,
21 Machi 1980

Kwa binti yangu Sihaba,

Marahaba. Miwani nimevaa. Sisi huku hatujambo, ila joto limemfanya mama yako avimbe miguu kidogo, si jambo la kukuhangaisha. Ukwaju umefika na umeshakwisha.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilisoma habari za kijana. Mara ya pili nikaona umeandika "sisi tulitumia dakika ishirini na tano". Sisi nani, Sihaba? Basi haya, hilo tutaliongea siku nyingine, nikiwa nimekaa.

Tuongee gari. Mimi ni fundi wa kushona viti vya magari, mwaka wa thelathini na moja huu. Watu wote wanalitazama gari kwa boneti. Mimi nalitazama kwa viti, kwa sababu kiti ndicho kinachokuambia mwenye gari anawafikiria akina nani. Chukua Morisi yangu, ya mwaka hamsini na mbili. Mbele ni benchi moja, gia iko kwenye usukani, watu wazima watatu wanakaa bila kugusana magoti. Nyuma wanakaa wengine watatu na watoto wao. Ndani ya kile kiti cha nyuma kuna spiringi na manyoya ya farasi, juu ngozi niliyoishona mimi mwenyewe kwa mkono. Akiwapo mgonjwa analala pale kwa urefu, kichwa kwenye mapaja ya mamaye, na anafika hospitali hajasumbuliwa. Maharusi wangapi wa Nyegezi na Mkuyuni wamebebwa na gari lile? Mtoto wa kwanza wa Mwalimu Clavery alizaliwa kwenye kiti kile, na doa nimelitoa kwa ndimu na majivu.

Sasa hilo la embe bivu. Viti viwili! Mgonjwa utamweka wapi? Mama mkwe utamweka wapi? Mtu anayechukua gari la viti viwili ameshakujibu kabla hujamuuliza. Mwambie nimemsikia. Kuja, asije kwanza. Sina nafasi ya wageni.

Mama yako anakusalimu.

Ni mimi baba yako,
Salehe

* * *

Shinyanga,
2 Aprili 1980

Baba,

Shikamoo. Hujambo na miwani yako? Mama miguu imepungua? Mwambie aiweke juu ya mto akilala.

Nimeusoma mhadhara wako wa viti. Sasa na mimi, kwa heshima zote, nikukumbushe mambo mawili matatu ya Bibi Morisi. Nani alikuwa akiteremka kusukuma kila tukifika kwenye kile kilima? Sisi watoto. Nani alikuwa akizungusha ile hendeli asubuhi ya baridi mpaka bega linamteguka? Wewe. Ule mkono wa kuonyesha kona uliokuwa ukichomoza pembeni, siku ya Idd uligoma kurudi ndani, tukaenda mpaka mjini tumeonyesha kushoto, na watu wote barabarani wanatucheka. Gari la Seif unageuza ufunguo tu, hilo limeondoka. Linashika barabara kama kenge. Breki zake ukikanyaga linasimama pale pale, silo lile lenu la kusimama kesho.

Ninakubali, kwa viti unatushinda. Lakini Baba, mtu haolewi na kiti.

Tena nimesikia Mwanza matairi hayapatikani, hata mwenye kibali anangoja miezi. Bibi Morisi anatembeaje siku hizi? Seif anasema kama kuna kitu mnahitaji aje nacho. Na kama kosa ni gari, atakuja kwa treni, au atatembea kwa miguu.

Baba, sasa sikutanii. Wazee wake wa Tabora wanataka jibu kabla ya Ramadhani. Wameshamtajia binti wa mjomba wake, na yeye amewaambia wangoje. Hawatangoja mwaka. Bila radhi yako sitaolewa, na wala sitakutoroka, hilo unalijua na ndiyo maana unaninyima kwa raha zako. Ikiwa kuna sababu nyingine, niambie. Mimi si mtoto.

Mwanao,
Sihaba

* * *

Nyegezi,
20 Aprili 1980

Binti yangu,

Marahaba. Wazima sote.

Hakuna sababu nyingine. Nimesema gari, ni gari. Morisi iko hapa mlangoni, imesimama vizuri kuliko magari yote ya Nyegezi, na kila apitaye anaisifu.

Huyo kijana angoje mpaka mwezi wa nane. Ukija likizo ya mwezi wa sita njoo peke yako, tena uniandikie kwanza kabla hujakata tiketi. Usinikasirikie. Kuna mambo mzazi hawezi kumwandikia mwanawe.

Mama yako anauliza kama ukwaju bado upo sokoni kwenu.

Baba yako,
Salehe

* * *

Shinyanga,
8 Mei 1980

Baba,

Shikamoo. Ukwaju huo hapo, nimemtumia Mama vifurushi viwili.

Mwezi wa nane ni baada ya Ramadhani, na hilo unalijua, kalenda unayo ukutani. Sijui nimekukosea nini. Nimelia siku mbili, ya tatu nikachoka.

Seif ametumwa na mkubwa wake afuate kipuri Mwanza. Jumapili ya tarehe kumi na nane asubuhi atapita hapo nyumbani kukupa mkono tu, hata maji msimpe kama hamtaki. Nimejaribu kumzuia nikashindwa. Nisikudanganye: sikujaribu sana.

Mwanao,
Sihaba

* * *

SIMU
MWANZA 15 MEI 1980
MWALIMU SIHABA SALEHE SHINYANGA
ASIJE. NASEMA ASIJE. BARUA YAFUATA.
SALEHE

* * *

Shinyanga,
23 Mei 1980

Baba,

Shikamoo. Simu yako ilinifikia Jumatatu, Seif ameshaondoka. Na barua uliyosema yafuata haijafuata.

Baba, kumetokea nini? Jana dereva wa lori la mgodi alipita shuleni, akanikuta uwanjani na watoto. Akasema, "Seif amerudi Mwadui salama, yuko zamu wiki nzima. Anakusalimu. Anasema baba yako amebaki na kiti chake." Nikamuuliza kiti gani? Akasema yeye hajui, ila gari la Seif alipoliona lilikuwa na kiti kimoja tu, cha dereva, na pale kushoto pana sakafu tupu. Nikamuuliza, wamegombana? Akasema, "Mwalimu, mimi nimemuuliza vile vile. Kasema ameahidi kutosema neno, baba mtu ataandika mwenyewe."

Umeng'oa kiti cha mtu, Baba? Kwa sababu ya ubishi wa viti? Au umemfukuza na akaacha kiti njiani akikimbia? Nimewaza mpaka kichwa kinauma. Watoto wangu nimewapa hesabu za kutoa siku nzima ili nisiongee.

Niandikie. Hata kama ni baya, niandikie. Na Mama kwa nini haongezi hata mstari mmoja wa salamu kwa mkono wake, kama alivyozoea? Mama mzima?

Mwanao,
Sihaba

* * *

Nyegezi,
27 Mei 1980

Kwa binti yangu mpenzi Sihaba,

Marahaba, mwanangu. Mama yako mzima. Naliandika hilo kwanza ili usome yanayofuata ukiwa umetulia. Mama yako mzima, mimi mzima, na kijana wako hakufukuzwa na mtu.

Pili, una mdogo wako. Wa kiume. Ana siku tisa leo.

Haya, pumzika kidogo, halafu endelea.

Sihaba, mama yako alikuwa mjamzito tangu kabla ya likizo yako ya Desemba. Ulipokuwa hapa alijifunika kanga mbili na wewe hukuona. Tuliona haya. Nitakuambiaje, binti wa miaka ishirini na mitatu, mwalimu wa watu, ambaye sasa ndiye wa kuzaa, kwamba mamako na miaka yake arobaini na miwili analea tumbo? Tukasema azae kwanza, mengine baadaye. Halafu ikaja barua yako ya mkwe. Nikawaza: kijana anakuja kuomba mke, anafunguliwa mlango na mama mkwe mwenye tumbo la miezi saba! Hapana. Nikatafuta neno la kumzuia, nikalipata kwenye gari lake. Ndiyo hiyo sababu uliyoniuliza. Viti viwili ni kweli sivipendi, lakini kwa viti tu nisingekufanya ulie siku mbili. Nisamehe.

La tatu, ukinicheka nacheka na wewe: Morisi iko juu ya mawe. Tangu mwezi wa kumi na moja. Matairi yaliisha, nikapata kibali, kibali kikaisha kabla ya matairi kuja. Desemba ulipokuwa hapa nililifunika turubai nikakuambia rangi haijakauka. Kila nilipokuandikia sifa zake nilikuwa nimekaa ndani yake, mlango wazi, nikipunga upepo. Halijakwenda hata hatua moja.

Sasa siku yenyewe. Jumapili, saa nne asubuhi, nikasikia mngurumo huko chini barabarani, nikajua. Gari lake haliwezi kupanda mawe ya kuja kwetu, akaliacha chini akapanda kwa miguu, kanzu mkononi, akaivaa alipokaribia mlango akidhani hatujamwona. Mama yako nikamfungia chumbani. Kijana nikamweka barazani, nje, nikamwambia mwenyeji wa kike kaenda msibani Nansio. Mungu anisamehe, na watu wa Nansio pia.

Nia yangu ilikuwa anywe chai, aondoke. Lakini akalitazama turubai, akasema kwa adabu, "Mzee, hii ndiyo Morisi? Naomba nione kiti cha nyuma. Sihaba amenisimulia." Kosa likawa langu. Nikalifunua. Akapiga magoti, akapitisha kidole kwenye mshono wote, mbele mpaka nyuma. Kisha akasema, "Hiki ni kizuri kuliko changu. Lakini injini yangu, Mzee, injini yangu ukiisikia utanisamehe viti." Ubishi ukaanza hapo. Nikamwambia mwendo ni wa nini kama unafika na mgongo umevunjika. Akasema kuna safari ambayo kufika mapema ndiyo safari yenyewe. Nikamwambia gari ni nyumba. Akasema gari ni miguu. Matairi yangu hayapo na ameyaona hayapo, na hakutamka hata mara moja, ingawa angetamka angenimaliza. Hapo ndipo nilipoanza kumpenda, nikazidisha ukali ili asijue.

Nilipoangalia saa ilikuwa saa nane na dakika kumi. Na unaijua amri ya Jumapili: saa nane ikipiga, gari la mtu binafsi haliruhusiwi barabarani mpaka alfajiri ya Jumatatu, ili petroli ibaki. Kijana nilitaka kumfukuza tangu saa tano, na domo langu mwenyewe ndilo lililomfungia kwangu. Tukakaa, kila mtu anaangalia ziwa.

Saa tisa mama yako akalia ndani.

Kliniki walituambia atazaa katikati ya mwezi wa sita. Nilikuwa nimeshaongea na dereva wa taksi wa mjini aje siku hiyo. Taksi Jumapili jioni Nyegezi, nani atakuitia? Mama Leonsia, mke wa Mwalimu Clavery, mkunga wetu wa mtaa, alikuja mbio, akaingia chumbani akatoka uso umebadilika. Akasema kwa sauti yake ile ya Kihaya isiyozunguka: "Mtoto kakaa vibaya. Hapa siwezi. Bugando, sasa hivi, la sivyo mtanisikia nikilia." Mimi nikabaki nimesimama, mkono juu ya boneti ya gari lililo juu ya mawe. Sihaba, sijapata kuwa mdogo kama dakika ile. Nilimwona mama yako anakufa na mimi nimeshika boneti.

Seif hakuuliza kitu. Wala "Mzee, si ulisema kaenda Nansio?" Alikuwa ameshavua kanzu anashuka mawe anakimbia. Sisi tukamtoa mama yako kwa kile kitanda cha kamba, mimi na Clavery na vijana wawili wa jirani. Tulipofika barabarani tukamkuta amelala chali ndani ya gari lake, miguu nje, spana mkononi. Anafungua kiti cha kushoto. Bolti nne. Ya mwisho iligoma, akaitukana, akasema "samahani, Mzee", akaitukana tena. Kiti kikatoka, akakiweka pembeni ya barabara, akatandika godoro letu kuanzia mbele mpaka kule nyuma kwenye mizigo. Likawa na nafasi kama kitanda. Mama yako akalala amenyooka. Mama Leonsia akajibana nyuma yake, kakunjwa kama nguo kwenye sanduku, kichwa cha mama yako mapajani.

Mimi hakukuwa na pa kukaa. Likaondoka.

Na ule mngurumo nilioudharau, ukaenda ukipungua kupanda kile kilima ambacho nyinyi mlikuwa mkisukuma, na haukusita hata kidogo.

Nikakaa kwenye kiti, pale pale kando ya barabara. Wengine wakaniambia twende nyumbani, nikakataa. Nilikaa tangu saa tisa na nusu mpaka jua linataka kuzama, watu wanapita wananisalimu, mzee kakaa kwenye kiti cha gari bila gari. Nikasoma kila dua niliyofundishwa. Zilipokwisha, mikono ikaanza kukipapasa kiti, ni mazoea ya kazi. Ndani sponji tupu, hakuna spiringi. Kimeshonwa kwa mashine, kwa haraka. Nikasema moyoni, kiti cha mtu asiyekaa. Halafu vidole vikafika pembeni upande wa mlango, palikuwa pamechanika, na mtu amepashona kwa mkono. Sindano ya kupinda, uzi maradufu, kila hatua tatu fundo moja kwa ndani.

Hakuna fundi mwingine Mwanza nzima anayeweka fundo kila hatua tatu. Mimi peke yangu. Na msichana mmoja niliyemfundisha akiwa na miaka kumi, mvua ikinyesha, hana pa kucheza.

Kwa hiyo kiti ni chako. Umekikalia, kikachanika, ukakishona, na hukuniambia. Na mimi sikukuambia habari za mama yako. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Nikalia, mwanangu, tena kwa sauti, na nilikuwa sijui bado kama ni kilio cha furaha au cha msiba.

Jua lilipogusa maji nikausikia mngurumo, mbali, kabla haujafika hata Mkuyuni. Alikuwa anakuja polepole, hapo nikaogopa zaidi. Akasimama, akashuka, jasho mwili mzima, akanyoosha vidole viwili. Akasema, "Wote wawili wazima, Mzee. Nimekuja polepole kwa sababu miguu inatetemeka." Nilikuwa nimesimama, nikakaa tena.

Mama Leonsia ametusimulia yaliyobaki. Anasema kijana njia nzima hakugeuza shingo, anaona aibu kumtazama mama mkwe, macho mbele tu, na kila shimo anasema "samahani, Mama". Mashimo ni mengi, ameomba samahani kuliko mtu yeyote Mwanza. Polisi wa kizuizi cha barabarani aliinua mkono, akachungulia ndani, akaurudisha mkono haraka. Walipofika hospitalini, madaktari walimwahi mama yako, wakapambana dakika kadhaa, mtoto akatoka analia. Walisema saa moja zaidi wasingekuwa na la kufanya.

Nikaambiwa na Nyegezi yote mtoto aitwe Seif. Nimekataa. Huwezi kumchapa mtoto mwenye jina la mkweo. Anaitwa Faraji.

Kijana alilala kwetu, Jumatatu akaenda kufuata kipuri chake. Nilimwomba asikuambie, kwamba ni lazima uyasikie kutoka kwangu. Kumbe nimechukua siku tisa kupata ujasiri. Kalamu nilikuwa naishika, naiweka.

Kiti nimekizuia mimi. Aliniomba mara mbili, nikamwambia kina kazi kidogo. Mwanza mpaka Mwadui kasafiri bila kiti cha kushoto, na ukweli sikusikitika, maana njia nzima hakuwa na pa kumpakia msichana mwingine.

Mama yako ametoka hospitali Jumamosi. Anaandika hapa chini kwa mkono wake.

Baba yako,
Salehe

*Mwanangu, nisamehe kwa kukuficha. Mdogo wako amechukua masikio yako yale makubwa. Yule kijana ana adabu, usimcheleweshe. Mama.*

* * *

Shinyanga,
3 Juni 1980

Baba yangu, Mama yangu, na Faraji wangu,

Shikamooni wakubwa, na wewe mdogo marahaba hata kama hujaamkia.

Barua ilifika wakati wa mapumziko. Niliposoma "una mdogo wako" nilipiga ukelele, mwalimu mkuu akatoka ofisini na chaki mkononi. Nimecheka, nimelia, nimecheka. Watoto wa darasa langu walikaa kimya kwa mara ya kwanza tangu Januari. Alhamdulillahi. Alhamdulillahi. Nimeiweka kalamu nikaenda kunawa uso.

Sasa nimerudi. Kwanza, ukwaju! Vifurushi vitano, na mimi nilidhani mnakaanga samaki! Nyinyi wazee hamfai. Pili, haya ya nini? Ningekuja nikamkanda Mama miguu, nikafua, nikapika. Mngempoteza kwa haya. Sirudii tena kulisema, lakini leo nalisema.

Kiti, ndiyo, nilikishona mimi, mwezi wa pili. Tulikwenda kumwona shangazi yake, tena tulikuwa na dada yake nyuma kwenye mizigo, usikunje uso. Pindo la gauni langu lina bizimu, likakichana. Niliona aibu nikaomba sindano. Seif alikaa ananitazama, akaniuliza nani kanifundisha. Nikamsimulia habari zako mpaka jua likazama. Ndiyo maana alipofika kwako alipiga magoti kwenye kiti cha Morisi. Alikuwa anakijua.

Jumapili asubuhi alikuja kunisalimu, ameweka ndoo kichwa chini pale mahali pa kiti changu, na mto juu yake. Nikamwambia, mimi? Kwenye ndoo? Nimekataa kupanda. Nimemwambia kiti changu kiko kwa baba yangu, mpaka baba yangu atakapokitoa.

Na hapo ndipo nilipo, Baba. Barua yako ina kurasa sita. Nimeisoma mara nne, nimetafuta mbele na nyuma, mpaka ndani ya bahasha. Umeandika habari za bolti, za fundo, za mashimo. Neno moja hukuandika. Wazee wa Tabora wanasubiri, Ramadhani ni mwezi ujao. Ndiyo au hapana?

Mwanao, dada yake Faraji,
Sihaba

* * *

Nyegezi,
14 Juni 1980

Kwa Sihaba,

Marahaba. Sote wazima. Faraji analia usiku na kulala mchana. Mchana tunamlaza kwenye kiti cha nyuma cha Morisi, milango yote wazi, upepo wa ziwa unapita. Hashtuki hata kuku wakipanda boneti. Nilimwambia mama yako, unaona, gari langu nalo lina kazi.

Kiti chenu nimekimaliza. Sponji nimeitoa nikaweka spiringi za Morisi, nimezipunguza kutoka benchi la mbele, kule hakukai mtu tena. Juu nimepiga ngozi mpya. Ila pale pembeni upande wa mlango sikubadilisha kipande. Mshono wako nimeuacha kama ulivyo. Fundo moja lilikuwa limelegea, nimelikaza, mengine yako sawa sawa.

Wazee wa Tabora waje Jumamosi ya tarehe ishirini na nane. Mama Leonsia anapika ndizi. Wewe njoo kwa treni siku mbili kabla, Mama yako anakutaka. Kurudi utarudi umekaa.

Seif mwambie asisahau spana.

Baba yako,
Salehe